Hospitali iko karibu, mbona mtoto bado anapotea?

NI saa nane usiku mtaani Silanga, Kibera. Mvua imenyesha tangu jioni na maji ya mtaro yamefunika kijia kinachopita mbele ya ploti. Ndani ya chumba kimoja cha mabati, msichana wa miaka 19 ameketi kitandani akiwa ameshika kiuno. Uchungu ulimwanza saa mbili usiku, na hii ni mimba yake ya kwanza.

“Shosh, nadhani imefika,” anasema.

“Ya kwanza hukawia, mjukuu wangu. Wacha kwanza kukuche,” nyanya yake anamjibu. “Saa hii utatoka na nani?”

Nyanya hana nia mbaya. Nje kuna giza, kuna matope, kuna vijana wa kupora, na kwenye kibeti kuna shilingi mia mbili pekee. Kwa hesabu zake, kungoja asubuhi ndiyo busara.

Msichana huyu sijampa jina kwa sababu si mtu mmoja. Ukiishi Silanga, Lindi, Laini Saba, Gatwekera ama ng'ambo kule Kawangware, unamjua. Anaweza kuwa dadako, msichana mliyesoma naye, ama wewe mwenyewe.

Na hapa ndipo swali linapoanza. Silanga si kijiji cha mbali kilichosahaulika. Kituo cha afya cha Kibera South, ambacho shirika la madaktari la MSF lilikabidhi Kaunti ya Nairobi mwaka wa 2017, kiko mumu humu Kibera. Hospitali ya Mbagathi iko jirani. Mbele kidogo kuna Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako kesi ngumu kutoka kila pembe ya nchi hupelekwa. Ukihesabu kilomita, msichana wa Silanga yuko karibu na daktari bingwa kuliko msichana wa Turkana.

Lakini mtoto aliye tumboni hahesabu kilomita. Anahesabu saa na dakika.

Ni vifo gani hivi?

Wataalamu wana jina la kipindi hiki cha hatari. Ni kuanzia miezi saba ya mimba hadi mtoto atimize siku saba duniani. Wanahesabu pamoja mtoto aliyezaliwa akiwa amekufa na yule aliyezaliwa hai akafariki katika wiki ya kwanza. Wanawaweka kapu moja kwa sababu mara nyingi kinachowaua ni kile kile: presha ya mama, maambukizi, kuzaliwa kabla ya wakati, ama kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Dunia nzima, Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watoto milioni 1.9 walizaliwa wakiwa wafu mwaka wa 2021. Zaidi ya asilimia 40 ya watoto wa namna hii hufa uchungu ukiwa tayari umeanza. Yaani walifika mlangoni. Mwaka wa 2022 watoto wengine milioni 2.3 walifariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja, na kwa kawaida robo tatu ya vifo hivyo hutokea wiki ya kwanza.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa KDHS wa 2022 ulipata kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya mwezi kuisha. Mwaka wa 2014 walikuwa 22. Linganisha na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, ambavyo katika kipindi hicho vilishuka kutoka 52 hadi 41. Chanjo, neti na dawa zimeokoa watoto wakubwa kidogo. Mtoto mchanga kabisa amebaki pale pale, ingawa akina mama wengi zaidi sasa wanajifungulia hospitalini. Lengo la dunia ni kushuka hadi 12 ama chini kufikia 2030.

Kwa hivyo kufika hospitalini peke yake hakutoshi. Muhimu ni ulifika saa ngapi, ukiwa katika hali gani, na ulikuta nini huko ndani.

Usiku ulianza miezi sita nyuma

Tumrudie msichana wetu. Matatizo ya usiku wa leo hayakuanza leo.

Alipojua ana mimba alinyamaza. Alivaa sweta kubwa hadi mwezi wa sita. Kliniki alienda mara ya kwanza tumbo likiwa limeshaonekana, na akarudi mara moja tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12.

Mbona mapema hivyo? Kwa sababu huko ndiko hatari zinakamatwa zikiwa bado ndogo.

Chukua kaswende. Mwanamke anaweza kuwa nayo bila kuhisi chochote, na isipotibiwa, nusu ya mimba za namna hiyo ama zaidi huishia vibaya: mimba kutoka, mtoto kufa tumboni, kuzaliwa mapema ama kuzaliwa mgonjwa. Kipimo ni tone la damu. Tiba ni sindano ya penisilini. Na mwanamume pia lazima atibiwe, la sivyo ugonjwa unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Chukua presha ya ujauzito. Huanza kimya kimya. Baadaye kichwa kinauma bila kuachilia, macho yanaona vimulimuli, uso na mikono inavimba. Wengi husema ni uchovu. Ikiachwa, inageuka kifafa cha mimba, na inaweza kumaliza mama na mtoto kwa pamoja. Mashine ya kupima presha na kipimo cha mkojo kliniki huigundua mapema.

Chukua upungufu wa damu. Wasichana wengi wanaanza ujauzito tayari wakiwa na damu kidogo, halafu wanakula odowa, yale mawe ya kutafuna yanayouzwa kibandani, badala ya chakula. Odowa haiongezi damu, na inaweza hata kuzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vinasaidia, lakini usivimeze kwa chai, kwani chai inapunguza nguvu yake. Meza kwa maji. Managu, ndengu, omena na maini vinapatikana sokoni Toi na hata kwa mama mboga wa kona.

Kisha kuna mambo ya mtaa wenyewe. Choo ni cha kulipia na usiku ni hatari kukiendea, kwa hivyo msichana anakunywa maji kidogo na kubana mkojo hadi asubuhi. Hiyo ni njia rahisi ya kupata maambukizi ya mkojo, na yakipanda hadi kwenye figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Jiko la makaa ndani ya chumba kisicho na dirisha linatoa hewa ya sumu inayompunguzia mtoto oksijeni, na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Ongeza mitungi ya maji ya lita 20, ongeza kazi ya kufulia watu nguo South C huku tumbo likiwa la miezi minane, ongeza mwanamume anayepiga. Ngumi ama teke la tumboni linaweza kubandua kondo la nyuma, na mtoto akakosa damu papo hapo.

Umri nao una uzito wake. KDHS ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mwili mchanga uko katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na ya mtoto kuzaliwa mdogo. Lakini mara nyingi kinachoumiza zaidi ni aibu. Msichana anayeogopa kutukanwa foleni ya kliniki atajificha, na akijificha, presha, damu na kaswende zinajificha pamoja naye.

Kuchelewa mara tatu

Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuhusu vifo vya akina mama wajawazito na kusema kwamba kuchelewa kupo kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Waliandika kuhusu mama, lakini mtoto naye hufa katika saa zile zile. Ukikaa na msichana wetu usiku huu, utaona zote tatu.

Ya kwanza ni ile ya “wacha kwanza kukuche.” Wakati mwingine anayeamua si mwenye mimba. Ni nyanya, ni mama mkwe, ni kijana aliye kazini Mombasa ambaye simu yake imezimwa. Na nyuma ya uamuzi kuna pesa. Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma, na baadaye ukaja mpango wa Linda Mama chini ya NHIF. Oktoba 2024 NHIF iliondoka, SHA ikaingia, na Linda Mama ikabadilishwa kuwa Linda Jamii. Sasa gharama ya kujifungua inalipwa na mfuko unaotaka uwe umejisajili na umelipa mchango. Kwa asiye na mshahara, mchango unaanzia Sh300 kwa mwezi, na kanuni ilikuwa ulipe wa mwaka mzima kwa pamoja: Sh3,600. Baadaye ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa wasioweza kutoa zote kwa mpigo. Msichana anayegundua haya yote saa nane usiku, tena bila kitambulisho, ataogopa hata kutoka.

Ya pili ni njia. Gari haliingii kwenye vijia vingi vya Silanga. Lazima utembee ama ubebwe hadi barabarani, na boda wa usiku anataka kujua kwanza kama kuna pesa. Tuliona ubaya wa usiku vizuri sana Machi 2020, wakati kafyu ya Covid-19 ilianza kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea udaktari bingwa wa uzazi katika hospitali ya Kenyatta, aliona akina mama wanaofika wamepungua huku wale wanaofika wakiwa katika hali mbaya. Aliuliza mtandaoni kama kuna watu wenye magari wanaoweza kusaidia. Ndipo mpango wa Wheels for Life ukazaliwa: mjamzito alipiga nambari ya bure 1195, akazungumza na daktari, na akihitajika kwenda hospitalini akatumiwa gari bila malipo. Mwaka wa 2022 WHO ilimtuza kwa kazi hiyo. Funzo lake ni rahisi. Hospitali zilikuwa pale pale siku zote. Kilichokosekana ni gari saa saba za usiku.

Ya tatu ni ndani ya hospitali. Hapa vijana wengi hawajui, kwa sababu tunaambiwa tu “nenda hospitali.” Mtaani, mlango uliochorwa msalaba mwekundu si lazima uwe na mkunga aliyesomea kazi hiyo. Utafiti wa APHRC uliofanywa mwaka wa 2006 katika mitaa ya Korogocho na Viwandani uliona jambo la kutisha: karibu asilimia 70 ya akina mama walisema walijifungulia katika kituo cha afya, lakini ni asilimia 48 tu waliojifungulia mahali penye huduma ya kitaalamu inayofaa. Wengine walikuwa wamelipa pesa zao, wakaingia mlango ulioitwa kliniki, na ndani hakukuwa na msaada wa kweli.

Hata kwenye kituo halali, kuna vituo visivyo na chumba cha upasuaji. Mtoto akikwama, lazima mama ahamishwe, na kungoja ambulensi ni kuchelewa kwingine. Muuguzi mmoja anaweza kuwa anaangalia akina mama wengi usiku huo. Na kuna migomo. Mwaka wa 2017 wauguzi wa umma waligoma miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56. Wana malalamiko yao ya haki, lakini mimba haisimami ikingoja serikali na muungano wakubaliane.

Dakika moja ya kwanza

Kati ya watoto 100, watano hadi kumi huhitaji kusaidiwa kuanza kupumua. Kazi hiyo hufanywa ndani ya dakika moja: kukausha, kusugua mgongo, na kama bado, kusukuma hewa kwa kifuko na barakoa ndogo. Si mashine ya mamilioni. Ni mtu aliyefunzwa, aliye macho, na kifuko kilicho karibu. Mtoto akizaliwa chumbani Silanga kwa mwanga wa simu, dakika hiyo inapita watu wakitafuta kitambaa.

Aliyezaliwa mapema naye ana tiba isiyo na bei. Mwaka wa 1978 huko Bogotá, Colombia, hospitali iliyokosa mashine za kutosha za joto ilianza kuwafunga watoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Leo WHO inaipendekeza hata pale mashine zipo. Baba pia anaweza kumbeba hivyo. Kifua chako, bro, ni chenye joto kama cha mama yake.

Wakirudi nyumbani, hatari haijaisha. Usipake kitovu majivu, mate wala udongo. Fuata alichosema muuguzi. Mtoto asiyenyonya, anayepumua mbio, aliye baridi ama moto kupita kiasi, mwenye degedege, ama mwenye kitovu chenye usaha, anarudishwa hospitalini usiku huo huo. Hata akionekana mzima, apelekwe kuangaliwa siku ya pili ama ya tatu.

Andazi mbili kwa siku

Sasa tupige hesabu ya mtaa. Andazi mbili ni Sh20. Ukiweka Sh20 kila siku kwa siku 180 utakuwa na Sh3,600, yaani mchango ule wa chini kabisa wa SHA wa mwaka mzima. Mimba inachukua siku 280 hivi, kwa hivyo hata ukichelewa kuanza bado kuna wakati. Na nauli ya usiku itatoka kwenye siku zitakazobaki.

Lakini pesa ni sehemu tu. Jua tarehe yako ya kujifungua. Chagua kituo ukiwa bado na nguvu ya kutembea, nenda ukakione, uliza: usiku kuna mkunga? Upasuaji mnafanyia wapi? Gari la kuhamisha mgonjwa liko? Kama huna kitambulisho, uliza mapema ni vipi utasajiliwa. Weka nambari za watu wawili wenye boda ama teksi, wala si mmoja. Begi lifungwe mwezi wa nane, na kile kijitabu cha kliniki kikae juu.

Mtafute pia mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lako, wale tunaowaita CHP. Serikali ilizindua karibu 100,000 kote nchini Septemba 2023, na kazi yao ni kufika mlangoni mwako. Anajua njia za Silanga kuliko ambulensi yoyote.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kukuche: damu kutoka, maji kuvunjika, homa, kichwa kisichoacha, kuona vimulimuli, degedege, ama mtoto kupunguza kucheza tumboni. Hii ya mwisho msiidharau. Usiambiwe “amelala tu.” Mtoto aliyebadilisha mwendo wake anaomba aangaliwe sasa.

Tusinyamaze

Kuna jambo moja tunalolikosea mtaani. Mtoto akifa hivi, mara nyingi hakuna matanga. Mama anaambiwa, “Usijali, utapata mwingine.” Wengine wananong'ona kwamba alirogwa, ama alitoa mimba ya kwanza. Kijana aliyekuwa baba kwa miezi tisa anaambiwa awe mwanaume. Maziwa yanajaa kifuani na hakuna wa kuyanyonya, na yeye anatarajiwa kurudi kufua nguo za watu wiki ijayo.

Kunyamaza kunaumiza mara mbili. Aliyefiwa anabeba mzigo peke yake, na chanzo cha kifo hakijulikani. Kenya ina utaratibu wa kuchunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga ili kosa lisirudiwe. Una haki ya kuuliza hospitali: mtoto wangu alikufa kwa nini? Jibu lake linaweza kuokoa mimba inayofuata, kwa sababu kama ni presha ama kaswende, inaweza kuzuiwa. Na ukimjua aliyefiwa, mwite kwa jina la mtoto wake kama alikuwa amempa. Kaa naye. Mpikie chai.

Turudi chumbani kwa yule msichana. Badilisha mambo machache tu. Nyanya anajua kwamba mimba ya kwanza ikikawia ni hatari, si kawaida ya kungojewa. Begi liko mlangoni. Saa mbili usiku, uchungu ulipoanza na kabla mvua haijachafua njia, jamaa wa boda anayeishi ploti ya tatu alishapigiwa. Saa nane usiku huu, msichana yuko kitandani wodini, na muuguzi anasikiliza moyo wa mtoto kila baada ya nusu saa.

Leo jioni, muulize mjamzito aliye karibu nawe maswali matatu. Utajifungulia wapi? Nani atakupeleka usiku? SHA yako iko sawa? Akikosa jibu moja, msaidie kulitafuta kabla ya wikendi.